Chupa Iliyozibwa kwa Nta

Jumatatu, 9 Machi 1998

Uji, nusu bakuli. Kidonge cha moyo, kidonge cha kupunguza maji. Miguu imevimba, soksi haziingii. Mvua tangu alfajiri, ziwa halionekani.

Mwajuma ameitoa chupa kwenye sanduku langu, akaifuta vumbi kwa upindo wa kitenge, akaiweka katika kabati lake na kulifunga. Hakuniuliza. Binti akiona miguu ya baba yake imefikia hali hii, hujiandaa. Anataka chupa iwe karibu siku nitakapokata roho, anidondoshee mdomoni. Simlaumu.

Sasa niandike, maana hakuna mwingine anayejua. Chupa ile si Zamzam. Ni maji ya bahari ya Mombasa, na ndani yake nimefuga bakteria. Ni wa ukoo wa kipindupindu, ila makao yao ni maji ya chumvi. Huwaharisha watu wanaokula kamba na chaza wabichi. Mtu mwenye nguvu atahangaika siku chache, apone. Mzee kama mimi hatapona. Mtoto mchanga pia.

Nyumba nzima inaamini ni Zamzam. Mtaa mzima wa Mbugangari unaniita Haji.

Nimechoka. Nitaendelea.

Jumatano, 11 Machi

Zubeda amejifungua. Mvulana, kabla ya wakati wake. Mwajuma amerudi kutoka hospitali analia na kucheka kwa pamoja.

"Mujukuu wako amenifanya bibi, Baba. Katoto kenyewe kadogo sawa kasamaki ka sambaza."

Mume wa Zubeda yuko Goma, atavuka mpaka kesho. Mimi nimekuwa na kitukuu. Nilipaswa kufurahi. Nilihesabu kwanza nani sasa anaishi katika nyumba yenye chupa.

Ijumaa, 13 Machi

Wamekuja nyumbani. Nimeletewa mtoto kitandani. Mwepesi mno. Ngozi kama karatasi ya kufungia sigara. Ananyonya kidogo, analala, anasahau kunyonya.

Mwajuma ameacha cherehani tangu asubuhi. Jioni akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Akika ni Jumanne, siku ya saba. Mtoto atanyolewa, mbuzi atachinjwa, jina litatajwa. Watamwita Haji, kwa ajili yangu. Kisha ataifungua chupa, amdondoshee mtoto Zamzam kwa kijiko apate nguvu.

Nikamwambia maji yamekaa mno, yatakuwa yameharibika.

"Zamzam haiharibikake, Baba. Ile ni maji ya Mungu, haiko maziwa ya Cyanzarwe."

Akacheka. Kweli maziwa ya yule mama wa Cyanzarwe anayetuuzia yaliganda juzi. Nikacheka naye. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Jumamosi, 14 Machi

Leo pumzi ipo. Niandike ya maabara.

Nilisoma Usumbura, nikafanya kazi ya maabara Bukavu, kisha miaka kadhaa Ubelgiji, chini ya Profesa mmoja aliyeshughulika na bakteria wa baharini. Nilirudi nyumbani kuoa na kulea, lakini tuliandikiana. Mwaka niliofunga safari ya Hija nilipitia Mombasa, nipande meli ya Jidda. Ujumbe wa Profesa ulinikuta huko. Amepata hadubini ya elektroni, na tikiti yangu ya ndege iko tayari, mradi nimletee maji ya hori lenye mikoko. Gatini, kando ya meli, walikuwa wamekwisha kukusanyika mahujaji. Nilikwenda horini na chupa.

Mwezi ule wa Hija niliupitisha katika chumba cha giza huko Ulaya. Nilipenda hadubini kuliko Kaaba. Ndivyo ilivyokuwa.

Niliyoyaona. Bakteria akiwa na raha, ngozi yake ya nje ni laini. Mtie katika dhiki, na ngozi inaanza kuvimba hapa na pale, kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Kila uvimbe unajikata na kwenda zake. Vifuko vidogo, mviringo, vimevaa ngozi ileile ya mama yao. Nikatia nyongo, vifuko vikaongezeka. Nikatia dawa inayotoboa ngozi ya bakteria, vikaongezeka zaidi, na dawa ikaishia kwenye vifuko. Nikatia virusi wanaowinda bakteria. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Virusi hawawezi kutofautisha. Wanagusa ngozi, wanaijua, wanajibandika. Wengi wao walikuwa wamejibandika kwenye vifuko vitupu, na mama kando yao yu salama, anaogelea.

Profesa alisema ni takataka za matayarisho, nimewatikisa bakteria wakachubuka. Mimi nilisema takataka hazizidi kwa mpango. Alikuwa Profesa. Mimi nilikuwa mtu wa kuosha vioo aliyesoma kidogo. Nikarudi nyumbani na maji yaliyobaki katika chupa ya kahawia, nikakusudia siku moja niendelee peke yangu. Sijui kama siku hizi kuna anayejua zaidi. Majarida hayafiki huku.

Mlangoni nilipokewa na mama yangu. Aliiona chupa kabla hajaniona mimi. Akaibusu. Akasema, "Zamzam. Haji wangu amerudi."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Nimesahau jambo. Je, bado wako hai? Hapo ndipo penye uzito.

Niliwalisha. Kila Ramadhani niliichukua chupa chumbani, watu wakidhani naisomea dua. Nilichokoa nta kwa kisu chenye moto, nikatia matone ya mchuzi wa sambaza usio na chumvi, nikaziba tena. Mara moja kwa mwaka, basi. Mwaka mzima njaa. Nilitaka kuona dhiki itawafanya nini. Mchuzi niliomba kwa Mwajuma, mchana, naye aliniletea bila neno, macho chini.

Mara ya mwisho kuwatazama nilikuwa na hadubini yangu ndogo ya shaba. Vifuko haionyeshi, ila bakteria wanaonekana. Walikuwa wachache, wafupi, wamesinyaa, na wanakwenda. Kisha vita. Hadubini iliibwa. Chupa haikuibwa. Tulipokimbilia Goma, Mwajuma aliacha cherehani yake akabeba chupa, ameifunga kiunoni, amemshika Zubeda mkono. Kule watu walikufa kwa kuharisha, wamelazwa kando ya barabara juu ya mawe ya volkano, na binti yangu aliishika chupa ile akiomba. Hakuifungua. Alisema ni ya siku yangu.

Mtu mwingine angesema, baada ya miaka yote hiyo wamekwisha kufa. Mimi ndiye mtu pekee wa mji huu asiyeweza kusema hivyo.

Jumapili, 15 Machi

Mchana nilimwambia Mwajuma aniachie Zamzam yote. Ni ya kifo changu, aliahidi mwenyewe.

"Yote? We unataka kuoga nayo?"

Nikajaribu jingine. Nikasema si adabu kuifungua bila Shehe kuisomea kwanza. Nilidhani Shehe ataugua, atasafiri, atasahau. Nilidhani nimepata wiki moja.

Alivaa kandambili akaenda msikitini palepale.

Jumapili, baada ya magharibi

Shehe amekuja mwenyewe. Atasoma Jumanne, kwa furaha. Zaidi ya hayo, ana wagonjwa wake, naye anaomba kila mmoja apate kijiko. Akanitikisa bega.

"Haji, baraka ya namna hii ulikuwa unawaficha majirani? Utaulizwa, we mzee."

Kwa uongo mmoja nimewaongeza wagonjwa wa msikiti mzima.

Nalijua sasa jina la ninachofanya. Mama yangu alipoigusa ngozi yangu mlangoni, nilimpa kifuko ajibandike. Watu wa mtaa nikawapa chao, Haji. Mwajuma nimempa maji yaliyoharibika, kifo changu, Shehe. Kila kimoja kimepokea pigo lililonijia. Lakini kuna jambo Profesa hakulisikiliza nilipomwambia. Kifuko hakitoki hewani. Kila kimoja ni kipande cha ngozi ya mama. Nilimwona bakteria mmoja aliyetoa mno. Amebaki mwembamba, anapitisha mwanga.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeanguka.

Mwajuma alikwenda sokoni kutafuta viazi vya Busasamana vya kesho, Zubeda alikuwa anamwogesha mtoto uani. Niliamka kwenda kabatini. Ufunguo anao Mwajuma kwenye ncha ya kitenge, lakini bawaba za kabati ni za zamani, nilidhani nitazing'oa kwa kijiko. Nilifika. Nikashika kijiko. Miguu ikaondoka.

Zubeda alinikuta chini, mkono mlangoni mwa kabati. Mama yake aliporudi kutoka sokoni, akamwita. Mwajuma aliniinua, akakiona kijiko mkononi mwangu, akafunika uso.

"Masikini Baba. Kumbe iko na kiu ya Zamzam."

Wote wawili walilia. Mimi nililia pia, kwa sababu nyingine. Nyonga inauma. Mtoto leo hajanyonya ila mara chache. Wazo limenijia nalo naliandika ili lisijifiche: huenda wamekufa kweli, na nikinyamaza nitakufa Haji. Huenda. Nimelikalia wazo hilo mchana kutwa kama kuku anayeatamia.

Jumanne, 17 Machi

Nimesema.

Niandike yote leo. Nikiacha sitaandika tena.

Mbuzi alichinjwa asubuhi. Mtoto akanyolewa, kichwa kama yai. Wanawake wa jirani uani na vikombe vya chai, Shehe kwenye kiti mbele yangu, Zubeda mkekani na mtoto. Mwajuma akaja na sinia. Juu yake chupa ya kahawia, kikombe cha kahawa, kijiko cha chai. Shehe akasoma. Kisha Mwajuma akaanza kukwangua nta kwa ncha ya mkasi wake wa kushonea. Nta ikadondoka kwenye sinia vipande vipande.

Nikasema, "Mwajuma, acha."

"Bon, mzee iko na wivu," akasema, na wanawake wakacheka.

Kizibo kikatoka. Nikaisikia harufu. Tope la mikoko, magugu ya bahari, yote yamo bado. Hakuna mwingine mle ndani aliyewahi kufika baharini. Mwajuma akakunja pua.

"Inanukia kidogo."

"Harufu ya ardhi takatifu," akasema Shehe.

Akamimina kikombeni. Akachovya kijiko. Zubeda akamwinua mtoto na kumfungua mdomo kwa kidole.

Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo bado. Hayo ni maji ya Mombasa. Yana vijidudu vya kuharisha, nimewafuga mwenyewe. Mimi sikufika Makka.

Kijiko kikasimama. Kisha Shehe akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akawaambia wengine kwa upole, "Ni homa inamusemea. Alianguka jana. Endelea, mama."

Nilipewa mlango. Si mimi niliyeutengeneza, wao wenyewe walinitengenezea. Kufumba macho tu, na ningekuwa mzee mwenye homa, na kijiko kingeendelea na safari yake. Naandika kwamba nilifumba macho. Kidogo. Nikasikia mtoto akinyonya hewa, akitafuta.

Nikayafumbua, nikamtazama Mwajuma peke yake. Nikamwambia, ule mchuzi wa sambaza. Kila Ramadhani, mchana, usio na chumvi. Sikuunywa. Niliwatilia wao, humo chupani.

Alipauka. Kwa hilo alijua kwamba sina homa. Miaka yote hiyo alikuwa amedhani baba yake anakula mchana wa Ramadhani kwa siri. Hakumwambia mumewe, hakumwambia Zubeda. Aliniletea mchuzi chini ya khanga, akanifichia aibu ambayo haikuwepo. Nimeligundua leo, palepale, usoni mwake.

Akakirudisha kijiko katika sinia, polepole, asimwage. Akamwambia Zubeda amtoe mtoto nje. Kisha akanigeukia.

"Na bibi, mama yako? Siku ya kufa kwake alikunywa nini?"

Pumzi ilikatika, wakanilaza. Wanawake waliondoka bila kumaliza chai. Shehe aliniaga kwa kichwa. Hakusema Haji.

Alhamisi, 19 Machi

Uji umeletwa na Zubeda.

Nilimweleza namna ya kuwaua bakteria wale, naye akampelekea mama yake maneno. Maji yachemke sana, mfuniko juu. Chupa, kijiko, kikombe, mkasi, sinia, vyote ndani. Kisha javeli, dawa ya kuulia vijidudu, kisha shimo la choo. Dirishani nimemwona Mwajuma amechuchumaa mbele ya mafiga, amejifunga khanga puani, anachochea moto chini ya sufuria. Mvua nyembamba. Hakuondoka mpaka mwisho. Alikuwa anachemsha kitu alichokibeba kiunoni mpaka Goma na kurudi.

Bakteria walitoa vifuko mpaka dakika ya mwisho, nina hakika. Moto haudanganyiki.

Baadaye Zubeda akaniambia, "Babu, sufuria amezika. Anasema hapana kupikia mutu tena."

Ijumaa, 27 Machi

Nguvu chache. Mistari michache.

Mtoto hakuitwa Haji. Ameitwa Salumu, jina la babu yake wa Goma. Ananyonya sasa. Zubeda anamkamulia maziwa kwenye kikombe na kumnywesha kidogo kidogo. Hakuna baraka nyingine iliyohitajika.

Fundi wa kando ya barabara amenisalimia dirishani. "Shikamoo, Mzee." Mzee tu. Nimelizoea upesi kuliko nilivyodhani.

Mwajuma ananibadilisha shuka, ananiosha, ananipa vidonge. Ananitazama mikono, si uso. Najua anasubiri nini. Anadhani nilimuua bibi yake. Kila nikifungua mdomo nimjibu, aibu inakuja mbele. Ajabu. Nilidhani imekwisha.

Alhamisi, 2 Aprili

Maji yamepanda mpaka kifuani. Nalala nimeketi.

Shehe alikuja. Alikaa sana, akivuta tasbihi. Mwisho akauliza kama kweli, nilivyomsimulia Zubeda, vijidudu vile vinavua ngozi ili kudanganya adui. Nikamweleza, kwa kituo, pumzi ikiruhusu. Akasikiliza vizuri kuliko Profesa. Akasema toba haina foleni. Akaenda.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo ni Arafa. Redio imesema mahujaji wamesimama uwanjani tangu adhuhuri. Mvua imepumzika. Ziwa linaonekana lote, tulivu, mpaka kisiwani.

Mwajuma aliingia na birika. Akaketi kwenye kile kiti cha Shehe. Akauliza, bila hasira, siku ikifika anitilie nini mdomoni.

Nikamwambia maji ya birika. Yaliyochemka, yakapoa.

Kisha nikamjibu lile la Jumanne ile. Naliandika na hapa, mkono ukingali wangu.

Mama yangu alipokuwa anakata roho aliomba Zamzam. Nilichukua chupa chumbani mbele ya macho ya wote na kufunga mlango. Sikuifungua. Niliyompa yalikuwa maji ya birika. Nilikuwa nimesikia kwamba Zamzam ina ladha ya chumvi kidogo, nikatia chembe. Alikunywa kikombe chote. Akasema ni tamu.